Asante za Kuandikiwa

Mkuu wa chuo aliniomba niandike kurasa chache za kumbukumbu kwa ajili yenu vijana mliochukua meza yangu. Alisema niandike mambo ya kutia moyo. Nilimjibu kwamba nitaandika mambo ya kazi, na kama moyo wa mtu utatiwa kitu humo ndani, shauri yake.

Naitwa Haikaeli. Kwetu Marangu mtu akikupa kitu unamwambia "haika", yaani asante, kwa hiyo naweza kusema nilizaliwa nikiwa nimeshaajiriwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa msimamizi wa shukrani katika chuo chetu cha ufundi hapa Moshi. Kwenye barua ya ajira cheo kilikuwa na jina jingine, refu na la heshima, lakini kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kuhakikisha kila mfadhili anayemlipia mwanafunzi ada anashukuriwa, anapigwa picha, anaimbiwa, analishwa, na anaondoka akiwa na hamu ya kurudi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Ruth, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa amekaa kwenye meza ile tangu chuo kina karakana mbili na choo kimoja. Hakunionyesha ofisi wala hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa barua ya mwanafunzi wa useremala akasema, "Soma, uniambie kasoro yake."

Nikasoma. "Mpendwa mfadhili, asante kwa ada. Nimejifunza kutengeneza meza. Meza ya kwanza iliyumba, ya pili haiyumbi. Wako, Emanueli."

"Sioni kasoro," nikasema.

"Haina machozi." Akaichukua, akaipachika pembeni ya taipureta. "Mwanangu, barua ya shukrani ni nyumba. Ina sebule, hapo unamkaribisha mfadhili na kumuulizia afya. Ina chumba cha kulia. Halafu ina mlango wa kutokea, ambao huufungi. Unauegesha tu, ili mwakani arudi."

"Chumba cha kulia chakula?"

"Cha kulia machozi. Chakula atakula mwenyewe akija."

Akapiga taipureta yake, na kufikia saa nne Emanueli alikuwa ametembea kilomita kumi na mbili bila viatu kwenda shule ya msingi. Emanueli kwao ni Mabogini, na shule ilikuwa ng'ambo ya mfereji wa kumwagilia mpunga. Kama alikuwa bila viatu ni kwa sababu alikuwa anapita kwenye maji.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Vifaa vyetu vilikuwa taipureta, albamu ya picha, utepe mwekundu na mkasi mmoja. Mkasi ule ulikuwa butu kiasi kwamba usingekata hata ugali, lakini ulikuwa na mpini wa rangi ya dhahabu, na mpini ndio uliokuwa unapigwa picha. Mama Ruth alikuwa na dawa yake. Utepe tuliukata sisi wenyewe siku moja kabla, tukaushikiza kwa pini. Mgeni rasmi akigusa tu, utepe unaanguka na watu wanapiga makofi. Nawajua wakurugenzi watatu walioondoka hapa wakiamini wana mikono yenye nguvu.

Kulikuwa pia na ubao wa wafadhili, ule ulioko mlangoni mwa ukumbi. Majina yamepangwa kwa madaraja yenye majina ya vilele vya Kilimanjaro: Kibo juu, Mawenzi katikati, Shira chini. Wa Shira hawakuwa wanasimama karibu na ubao kupiga picha. Mfadhili mmoja wa Mawenzi aliniuliza kila mwaka amebakiza nini afike Kibo, nami nikawa namjibu kama wapagazi wanavyowajibu wageni wao mlimani: pole pole, mzee, kileleni si mbali. Alitoa kwa miaka sita akipanda. Kama kuna mtu amewahi kufaidika na mlima huu bila kuukanyaga, ni chuo chetu.

Na kwaya. Kwaya ilikuwa na wimbo mmoja wa shukrani wenye nafasi ya kuweka jina. Mama Ruth aliutunga mwenyewe kwa kipimo cha silabi tatu, kwa hiyo akina Joseph na Elia waliimbwa vizuri. Siku moja akaja mfadhili mwenye jina refu la kwao Ulaya. Wanafunzi walilianza jina lile mwanzoni mwa ubeti, na ubeti wa pili ulipoanza walikuwa bado hawajalimaliza. Yule bwana alilia. Alisema hajawahi kuimbwa kikamilifu namna ile.

Siku ya Wafadhili tuliiweka wiki ya Krismasi, na hapa lazima niwaeleze maana, nyie mliotoka mikoa mingine mnaweza kushangaa. Mchaga aliyefanikiwa anaishi Dar, Mwanza, popote pale, lakini Krismasi hupanda nyumbani. Barabara inajaa magari mapya, mgombani, huko vijijini kwetu, nyumba zilizokuwa zimefungwa mwaka mzima zinawashwa taa, na kila mwenye kitu anataka watu wakione. Ndipo na sisi tunapoweka meza yetu njiani. Shida ni moja tu: Desemba chuo kimefungwa. Kwa hiyo tulikuwa tunawaita wanafunzi kutoka likizo waje kushukuru. Wa Sanya Juu waliacha kuvuna mahindi, wa Mabogini waliacha mpunga, wakapanda magari kwa nauli zao, wakaja kumwambia mtu kwamba amewaondolea mzigo.

Wageni walikaa kwenye makochi yaliyoazimwa nyumbani kwa mkuu wa chuo. Mbele yao ilisimamishwa ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, majani mdomoni, kama na yeye amealikwa. Wanafunzi walikula makande nyuma ya karakana ya magari. Katika miaka yote hiyo sijawahi kusikia mfadhili akiuliza mwanafunzi wake amekula nini.

Nimeshika kesi ngumu nyingi. Mwaka mmoja walikuja mume na mke, wageni wema kabisa, wakapigwa picha na binti waliyemlipia. Jioni wakanirudia na picha kwenye simu, wakaniomba turudie. Kisa, binti alionekana amevaa viatu vizuri mno. Viatu vile alikuwa ameviazima kwa mwenzake ili apendeze mbele yao. Nikamwambia avivue. Akavivua, akavishika mgongoni, na picha ikatoka nzuri sana. Ipo kwenye albamu. Mkiiangalia vizuri mtaona anavyoficha mikono.

Mama Ruth alipostaafu aliniachia ufunguo wa kabati na neno moja. "Haika," akasema, "kwenye kazi hii ongeza chumvi utakavyo. Lakini nyama usibadilishe." Nilimwitikia vizuri. Niliongeza chumvi kwa miaka mingi, mkono ukazoea, na mkono ukizoea chumvi haujui tena unatia nini.

Sasa nifike kwa Bwana Godlisten.

Bwana Godlisten alikuwa na maduka ya vipuri vya magari Dar es Salaam, na kwao mgombani alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa inayokaliwa siku kumi kwa mwaka. Aliingia ofisini kwangu mwezi wa sita bila ahadi, akakaa bila kukaribishwa.

"Nataka kumlipia mtoto mmoja mpaka amalize," akasema. "Awe msichana. Asome fani ambayo watu wanasema ni ya wanaume. Na awe amefiwa na baba."

"Kwa nini amefiwa na baba, bwana?"

"Ndivyo ninavyotaka mimi."

Sikuuliza tena. Nilikuwa nimeshazoea wafadhili wanaochagua wanafunzi kama mtu anayechagua ndizi kwenye soko la Kwa Sadala: hii kwa mtori, hii kwa kukaanga. Nikafungua mafaili. Waliofiwa na baba walikuwa wawili, wote wa ushonaji, na wote walikuwa na wafadhili wao tayari. Kwenye fani za kiume tulikuwa na msichana mmoja tu, Upendo, wa ufundi bomba.

Upendo kwao ni juu ya Kwa Sadala, kule ambako migomba inaanza kukutana na ukungu. Alikuwa mkimya, mabega mapana, na mwalimu wake alisema hajaona kijana anayekata meno ya bomba, yale ya kuungia, kwa unyoofu kama yeye. Baba yake, Mzee Anaeli, alikuwa mpagazi wa watalii mpaka alipoteleza na mzigo mlimani na goti likaharibika. Tangu hapo familia ilikuwa inategemea ng'ombe mmoja na migomba. Upendo alikuwa ameshapewa barua: asipoleta ada, muhula ujao asirudi.

Kwenye fomu ya mfadhili kulikuwa na mstari mmoja: *Baba: yupo / hayupo. Kata isiyohusika.* Niliishika kalamu. Nikakata "yupo".

Nilijitetea moyoni, na utetezi wenyewe ulikuwa mzuri. Sikuandika amekufa. Niliandika hayupo. Na kweli, pale ofisini hakuwepo.

Desemba ilipokaribia nilimwandikia Upendo barua ya kusoma jukwaani. Chumba cha kulia nilikipamba kuliko vyote nilivyowahi kupamba. Nikamwita aifanyie mazoezi. Aliisoma kimya, akarudi juu, akasoma tena.

"Mama," akasema, "hapa panasema nimelelewa na mama peke yake."

"Ndiyo."

"Baba yupo. Leo asubuhi amenisindikiza mpaka barabarani."

"Najua. Anayejua ni wewe na mimi. Sasa niambie, unataka kusoma au unataka kubishana?"

Vijana, nimeandika maelfu ya sentensi katika kazi hii na nyingi zilikuwa za uongo. Hiyo ndiyo ninayoijutia, na hiyo niliisema kwa mdomo. Upendo aliikunja barua mara nne, akaiweka mfukoni, akaondoka.

Siku ya sherehe ilikuwa nzuri, mlima umefunguka wote, wageni wakawa wanaupiga picha kana kwamba na huo tumeusafisha kwa ajili yao. Nilikuwa getini napokea watu. Ndipo nikamwona mzee mmoja anakuja kwa kuchechemea, koti la kahawia, kofia mkononi, begani mkungu wa ndizi, na kidumu cha maziwa kimening'inia kwenye kidole.

"Habari za hapa, mama," akasema. "Mimi ni mzazi wa Upendo. Nimesikia mtoto atasema mbele ya watu leo. Nikaona si vizuri huyo bwana anisaidie mtoto halafu nisije hata kumshika mkono. Nimemletea ndizi kidogo."

Wazazi hatukuwa tunawaalika. Haikuwahi kuwa sheria, ilikuwa busara tu: mzazi akiwepo, mfadhili anakosa mahali pa kusimama. Nikamwambia, "Karibu sana, mzee, karibu," nikamwongoza haraka nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, mahali ambapo kwaya ikisimama hakuna anayemwona. Nikamwambia mkono atampa mwishoni. Akanishukuru. Alisema nimempa mahali pazuri, pana kivuli.

Ningeweza kumkimbilia mshereheshaji. Alikuwa Mwalimu Tumaini, wa uashi, mtu mwenye sauti ya mahubiri. Ratiba ilikuwa mkononi mwake na niliichapa mimi. Lakini kwenye ratiba niliandika tu "mwanafunzi aliyelelewa na mama", na nikajipa moyo kwamba litapita. Nilisahau kwamba na Tumaini anapenda chumvi.

Ilipofika zamu ya Upendo, Tumaini alivuta kipaza sauti, akashusha sauti. "Ndugu wageni, itifaki imezingatiwa. Binti mtakayemsikia sasa ameonja uchungu akiwa bado mdogo. Nguzo ya nyumba yao ilianguka. Kabla hajasoma, naomba wote tusimame, kwa dakika moja, tumkumbuke aliyetangulia."

Watu wote wakasimama. Makochi yakalia. Bwana Godlisten alisimama wa kwanza, akainamisha kichwa, na niliona kidevu chake kinatetemeka. Nikageuka nyuma. Mzee Anaeli naye alikuwa anainuka. Ilimchukua muda kwa sababu ya goti. Aliliegemea tangi, akasimama wima, akaishika kofia kifuani.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Akaniinamia akaninong'oneza, "Mama, amefariki nani?"

Ilikuwa dakika moja na mimi niliishi humo muda mrefu.

"Mungu ailaze mahali pema," akasema Tumaini, "roho ya marehemu, baba mzazi wa Upendo."

"Amina," umati ukaitika.

Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, mtu aliyeitikia maombi maisha yake yote, mdomo wake ukasema "Ami—" kabla maneno hayajamwingia. Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anatazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameacha wapi kitu chake.

Upendo alikuwa ameshapanda jukwaani, na kutoka juu aliweza kuona juu ya vichwa vya kwaya. Barua ilikuwa mkononi. Aliiangalia, akaangalia nyuma, akaishusha.

"Baba yangu hajafa," akasema. "Ni yule pale kwenye tangi, mwenye koti la kahawia."

Watu wakageuka. Kwaya, kwa adabu, ikapasuka katikati kumpisha aonekane. Mzee Anaeli, baada ya kutazamwa na watu wote wale, hakujua la kufanya. Akapunga kofia.

Mtu mmoja akacheka, akakatishwa. Bwana Godlisten alitoka kwenye kochi lake akaenda mpaka jukwaani, akamwangalia Upendo, halafu akanitafuta mimi kwa macho akanipata.

"Mama Haika," akasema, hakuwa anapiga kelele, "mimi baba yangu nilimzika kweli. Nikiwa darasa la tano. Kesho yake nikatolewa shule. Unadhani niliomba yatima ili mnichezee?"

Akatoka. Gari lake likaondoka. Ndafu ikabaki mezani na majani mdomoni, hakuna wa kuikata. Mwalimu Tumaini akasema tena kwamba itifaki imezingatiwa.

Mzee Anaeli aliacha ndizi na maziwa pale kwenye tangi. Nilimwona akitoka getini, Upendo amemshika upande wa goti bovu. Mkuu wa chuo aliponiita, nilimwambia lilikuwa kosa la uchapaji.

Siku ya tatu nilikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba letu. Kwetu ukimkosea mtu sana unamwendea na isale, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama roho inamwaka. Nikashuka Kwa Sadala, nikapanda na pikipiki mpaka barabara ilipoishia, nikatembea. Mkewe akanifungulia bila salamu ndefu. Mzee Anaeli alikuwa amekaa kwenye benchi, anatengeneza mpini wa jembe. Upendo alikuwa zizini anamwekea ng'ombe majani.

Nikapiga goti, nikalitoa isale kwa mikono miwili. "Mzee, nimekukosea. Sina maneno."

Aliuweka mpini kando. "Kwanza nikwambie," akasema, "ulinizika vizuri. Watu wote walisimama, na wakubwa pia. Nikifa kweli sina hakika kama nitapata watu wengi hivyo."

Nikalia. Nililia vibaya, si kwa mpango.

"Inuka, mama. Goti ni kitu cha kutunza." Akalipokea isale, akaliweka juu ya benchi, akamwambia mkewe alete mtori.

Upendo alikuwa amekuja mlangoni mwa zizi, mikono imejaa majani. "Baba amepokea kwa sababu mila inamlazimisha," akasema. "Mimi sijapokea."

"Upendo!" mama yake akamkemea.

"Mwache," mzee akasema. "Naye ana maneno yake."

Upendo akanitazama. "Mkuu wa chuo amempigia baba simu. Amesema lilikuwa kosa la uchapaji. Mimi nilikuwepo, mama. Ulinipa karatasi nikakwambia baba yupo. Kama unataka msamaha wangu, kawaambie wale wale uliowadanganya."

Nilikula mtori ule. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile, na mtori ni supu laini ya ndizi, chakula cha waliojifungua na wagonjwa.

Januari bodi ya chuo ikakaa. Ajenda ilikuwa namna ya kumrudisha Bwana Godlisten, na mwenyewe aliitwa, akaja, amechelewesha safari yake ya Dar kwa ajili hiyo. Upendo naye aliitwa, na alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Mwenyekiti alikuwa ameandaa maelezo kuhusu mashine ya kuchapa na uchakavu wake. Alipoanza kuyasoma nikasimama.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Fomu ni ya kalamu. Nilikata neno kwa mkono wangu, nikijua baba yake yu hai. Binti alinikatalia, nikamnyamazisha."

Mkuu wa chuo alinitazama kama nimemmwagia mtu chai. Mwenyekiti akasema labda tuahirishe. Bwana Godlisten akainua mkono.

"Ngoja," akasema. Akamgeukia Upendo. "Wewe. Unajua kweli kukata meno ya bomba, au na hilo waliandika?"

"Najua."

"Yakivuja?"

"Hayavuji."

Akagonga funguo za gari mezani. "Nilishasema kwamba atamaliza. Mimi sirudishi neno. Atamaliza. Baba yake nitamwona mwenyewe, sitaki kupelekwa na mtu." Halafu bila kunitazama akaongeza, "Lakini huyu mama asiniandikie tena barua. Mimi wala mtu mwingine."

Bodi ilikubali haraka, kama bodi zinavyokubali jambo likishatajwa na mwenye fedha. Nilipewa barua ya onyo, ambayo nilisahihisha makosa mawili ya herufi kabla ya kusaini, nikahamishiwa stoo ya karakana. Mstari ule wa baba uliondolewa kwenye fomu. Niliuomba mwenyewe uondolewe, ndilo jambo pekee nililoliomba. Wafadhili wawili wa daraja la Shira walilalamika kwamba sasa fomu haina mvuto.

Nilikaa stoo mpaka nilipostaafu, miaka mitatu. Stoo ni kazi safi. Msumeno wa chuma ukiandikwa umetoka, umetoka. Ukiandikwa haupo, nenda ukatazame ndoano, haupo. Wanafunzi walikuja dirishani kuchukua vifaa, na Upendo alikuja karibu kila siku kwa sababu ya fani yake. Kila mwanafunzi wa chuo hiki huwaamkia wakubwa, hata yule mtukutu wa magari aliyewahi kutuibia betri. Upendo hakuniamkia. Alikuja, akataja kifaa na namba, akasaini, akaenda. Baada ya kikao cha bodi nilidhani mambo yatabadilika. Hayakubadilika. Muhula ukaisha, ukaja mwingine, na mimi nikawa nampa spana nasema, "Kazi njema," naye anasema, "Ndiyo."

Sikumlaumu. Nilifikiri hivyo ndivyo itakavyokuwa, na kwamba mtu anaweza kutimiza alichoagizwa na bado asipewe alichokitaka.

Asubuhi ya mtihani wake wa mwisho wa vitendo alikuja mapema, mvua ya rasharasha, ovaroli imefuliwa. Wenzake walikuwa bado hawajafika. Nilikuwa nimeshamtolea spana ya bomba nzuri kuliko zote, ile ambayo meno yake hayajalika, nimeiweka dirishani. Akaiona. Akaishika, akaipima uzito, akasaini kitabuni. Aligeuka kuondoka, akafika kwenye kona ya karakana, akasimama kidogo, akarudi.

"Shikamoo, Mama Haika," akasema.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyekuwa amemwandikia salamu hiyo. Akaiweka spana begani, akaenda kwenye mtihani.